Geti Lililofumwa kama Milaya

Mwalimu aliyenifundisha kutengeneza geti zuri hajawahi kushika rodi ya kuchomelea hata siku moja. Ni mwanamke, anaogopa cheche kuliko nyoka, na mpaka leo mimi na yeye hatujawahi kula sahani moja. Chekeni kwanza, mkimaliza nitawaeleza.

Mimi nimechomelea vyuma hapa Juba tangu niliporudi kutoka Kenya, nchi iliyonilea na kunipa Kiswahili hiki. Banda langu lilikuwa mtaa wa Hai Jalaba, nyuma ya maduka ya vyuma, na sasa liko mikononi mwa wenzangu wawili kwa sababu macho yangu yamegoma. Daktari alisema yamechoka na mwanga. Nikamwambia hata mimi nimechoka nayo, basi tumetoka sare. Siku hizi nakaa tu, nanyi vijana mnaojifunza ufundi mnanijia na simu zenu, mnanionyesha picha za mageti ya watu wa mbali na kuniuliza, "Mzee, hii tunaitoaje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kaeni niwaambie wote pamoja.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Drani, Mganda wa upande wa Arua, aliyeingia Juba na mashine moja ya kuchomelea na jenereta lililokohoa kama mgonjwa wa kifua. Nilimwendea nikijiona fundi kamili kwa kuwa nilikuwa nimepita kwenye karakana za jua kali za Nairobi. Siku ya kwanza akanipa fremu ya dirisha. Nikaanza kona moja, nikaichomelea mpaka mwisho, nikahamia ya pili, ya tatu, ya nne, nikamaliza kwa mbwembwe huku nikipiga mluzi. Nilipoinyanyua, fremu ilikuwa imejipinda, ukiilaza chini inachezacheza kama meza ya hoteli mbovu. Mzee Drani hakupiga kelele. Aliizunguka mara mbili, akakaa juu ya mkebe wa rangi.

"Wewe iko na haraka," akasema. "Hii chuma iko na hasira. Ukichoma yeye huku, yeye navuta huku. Sasa wewe gusa kidogo hapa, kisha enda gusa ile kona ya mbali, kisha rudi. Usipe yeye nafasi ya kukasirika upande moja."

Hilo lishikeni hata mkisahau mengine yote. Gusa kona, ruka kwenye kona inayotazamana nayo, kisha pima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Vipimo viwili vikilingana ndipo uchomelee kwa nguvu. Wengi wenu mna simu mbili mbili mfukoni lakini uzi hamna.

Sasa niwape kosa langu kubwa zaidi, maana la fremu kila anayeanza hulifanya. Kulikuwa na mzee mmoja Mdinka, mtu mwenye heshima zake, nyumba yake iko njia ya kwenda Bilpam. Aliniagiza geti "lenye kitu cha kwetu". Mimi nilikuwa nimeona mahali fulani picha ya zamani ya vijana wa Kidinka waliovaa zile fulana za shanga zinazobana kiwiliwili, mistari imepangwa mpaka unatamani kuigusa. Nikasema, hiyo ndiyo. Nikaipanga mistari ile kwa vipande vya chuma bapa, nikapaka nyekundu na nyeusi kama nilivyoona pichani. Geti likatoka safi, nasema bila aibu.

Tulipolisimamisha, watu wa boda wakaanza kupunguza mwendo. Mmoja akasimama kabisa, akatazama, akaondoka anacheka peke yake. Mke mkubwa wa mzee akatoka ndani, akalikagua geti kuanzia juu mpaka chini, akamgeukia mumewe.

"Kumbe unaoa tena?"

Kumbe kwa wazee wao rangi ya shanga ilikuwa inataja umri wa mvaaji. Nyekundu na nyeusi ni za kijana anayeanza kutupia wasichana macho. Mtu wa makamo huvaa njano. Mimi nilikuwa nimemvisha babu wa watu nguo ya kijana anayetafuta mchumba, tena nikaining'iniza barabarani kila mtu aione. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta, na mkewe alipoingia ndani akanivuta karibu.

"Liache hivyo siku mbili," akaninong'oneza, "halafu upake njano."

Tangu siku ile sikuchukua pambo la mtu bila kumtafuta mwenyewe na kumuuliza linasema nini. Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimelipia kutouliza kwa kuchekwa na barabara nzima.

Ikafika miaka ambayo mageti ya tayari yalianza kuteremshwa Juba ndani ya makontena. Mnayajua: vichwa vya simba, maua ya rangi ya dhahabu, bati zito lililokatwa na mashine, yote yanafanana kama mapacha. Mteja anapita bandani kwetu bila hata kutusalimia, anaenda kuchagua picha kwenye kitabu chenye karatasi za kung'aa. Sisi tukabaki kuchomelea miguu ya vitanda na stendi za pikipiki. Mzee Drani alikuwa amesharudi kwao kupumzika, akaniachia banda na lile jenereta la kukohoa. Nilikuwa naamka asubuhi sina hamu ya kwenda.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya nyumba ya akina mama kujifungulia, iliyokuwa inajengwa Hai Malakal. Msimamizi wake alikuwa Sista Rebeka, muuguzi, aliyerudi kutoka Kenya kama mimi. Walihitaji geti la mbele na grili za madirisha yote. Kamati ya ujenzi ilikuwa tayari imefungua kile kitabu cha karatasi za kung'aa, lakini Sista akawaomba wangoje kidogo. Akaja bandani na boda, hakushuka hata.

"Fundi, nimekutetea mpaka koo limekauka," akasema. "Una wiki tatu. Leta bawa moja tu la geti. Tutalisimamisha kando ya lile la dukani, wachague. Lakini ukiniletea simba, naapa nitakufungia humo ndani na jenereta lako."

Niliwaambia wenzangu wawili ukweli: kazi hii ikitupita, nafunga banda. Nilikuwa nimeshaongea na jamaa mmoja kuhusu kazi ya kulinda mlango wa hoteli. Fikirini, mtu aliyetengeneza mageti maisha yake yote aende kukaa kwenye kiti cha plastiki akifungua geti la mwingine. Niliogopa, siwafichi. Usingizi ulipungua na chakula kikakosa ladha.

Nyumbani kwetu viti vya wageni na kitanda vimefunikwa milaya, na nyinyi mnazijua, hakuna nyumba ya heshima Juba isiyokuwa nazo: shuka zilizodariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi, pembeni zikafumwa ukingo wa matundu matundu. Nilikuwa nimezilalia tangu siku ya harusi bila kuzitazama. Jioni moja nikakaa mbele ya kiti nikazitazama hasa. Kesho yake nikamchukua tausi mmoja kutoka kwenye milaya, nikamchora chini kwa chaki, nikapinda nondo kufuata chaki. Siku nne za jasho. Mke wangu, Kiden, aliponiletea chakula cha mchana akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Huyu ni kuku amegongwa na boda?"

"Ni tausi."

"Malesh," akasema. "Pole kwa tausi."

Kisha akaacha utani. Akaniambia milaya ile aliishona mama yake, na kama nataka kujua ilivyotengenezwa nimuulize mwenyewe. Mkwe wangu wakati huo alikuwa anaishi uani kwetu, katika tukul yake, ile nyumba ya msonge. Lakini kwetu mume hamsogelei mama wa mkewe. Mnaheshimiana kwa umbali: hamkai mkatazamana, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anapisha. Miaka yote ile nilimjua kwa kikohozi chake tu. Sasa nimuulize vipi?

Kiden ndiye aliyepata njia. Chini ya rakuba, kile kivuli cha nguzo na makuti tunachopumzikia uani, akatundika milaya moja kutoka nguzo hadi nguzo. Mama akakaa upande ule, mimi nikakaa upande huu juu ya jerikeni, na Kiden akakaa mwishoni mwa pazia ambapo aliweza kutuona sote. Neno langu linapitia kwake, la mama linapitia kwake, ingawa tunasikiana vizuri kabisa. Alasiri saba tulifanya hivyo. Maneno ya mama yalikuwa ya Kibari, nayaweka hapa kwa Kiswahili.

Kwanza alitaka kuona kazi yangu. Kiden akamburuta tausi mpaka upande wa pili. Halafu nikasikia kile kikohozi ninachokijua, kinaendelea, kinaendelea, na nikatambua kwamba hakuwa anakohoa. Alikuwa anacheka.

"Mwambie mume wako amechora ndege," akasema alipopata pumzi. "Ukingo wangu sikuuchora. Naacha tundu, nahesabu, naacha tundu lingine. Ua linabaki lenyewe."

Kisha pazia likasogea na Kiden akanipa mpira wa uzi na sindano ya kufumia, ile yenye kichwa cha kulabu. Mama alikuwa ameamuru nifume. Vidole hivi mnavyoviona, vilivyoungua mpaka havisikii moto wa chai, vikaanza kukimbizana na uzi mwembamba. Nilifuma, akafumua. Nilifuma, akafumua. Jirani alipita akaniona, na habari ikafika Hai Jalaba kabla yangu. Kesho yake wauza vyuma waliniuliza kama nimekuja kununua nondo au vifungo.

"Mwambie anaanza hovyo," mama akasema siku ya tatu. "Ajue kwanza kona itageukaje. Kona ikigeuka vizuri, katikati itajipanga."

Niliposikia neno kona, nilinyanyuka kutoka kwenye jerikeni. Nilikuwa nimeambiwa nizitunze kona kwanza na Mzee Drani, mtu ambaye hajashika uzi wa kufumia maishani. Nikachukua chaki nikarudi bandani mbio. Nikaacha kabisa mambo ya tausi. Nikaanza na kona ya geti, nikahesabu matundu mangapi yataingia mpaka kona nyingine, na yote yakawa ya kipimo kimoja: ngumi ya mtu mzima isipite. Nikapigilia vigingi vinne kwenye ubao mnene, na kila kipande cha nondo nyembamba nikakipindia hapo, upinde mmoja tu, uleule, mara mia na zaidi. Wenzangu walishika haraka kwa sababu hapakuwa na picha ya kuiga. Palikuwa na upinde na hesabu tu. Ukiziunganisha pinde nne, katikati linazaliwa ua ambalo hakuna aliyelichora.

Tulipolinyanyua mara ya kwanza, pinde zikaanza kuachia. Uzi una kitambaa cha kuushika, chuma hakina. Kila mahali ambapo pinde mbili zilikutana kwa ncha, uzito ulivuta na kiungo kikapasuka. Wiki ya tatu ilikuwa imeshaanza. Nikakata vipete kutoka kwenye bomba la maji, nikachomelea kipete kimoja kwenye kila kiungo. Geti likasimama imara, ungeweza kumpandisha ng'ombe. Lakini vile vipete vilionekana kama upele. Nikapeleka kipande kimoja nyumbani, Kiden akakipitisha.

"Hiki kipete hakimo katika kazi yetu," sauti ya mama ikatoka, na haikuwa inacheka. "Mwambie akitoe."

Nikasahau adabu. Nikasahau Kiden yupo. Nikaliambia pazia moja kwa moja, "Mama, nikikitoa geti litavunjika. Likivunjika, mimi nimekwisha."

Kiden akaweka mkono mdomoni. Mkwe haongeleshwi hivyo. Nikafikiri sasa nimeharibu geti na nimeharibu nyumba yangu kwa mkupuo mmoja. Kuku akapita katikati yetu chini ya pazia bila kujali ukwe wa mtu.

"Basi weka vitatu," mama akasema. Hakusema mwambie. Alikuwa anasema na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. "Kimoja kinaonekana kosa, mwanangu. Vitatu ni pambo."

Nilitoka pale nikashindwa kupanda boda, nilitembea kwa miguu mpaka Hai Jalaba ili machozi yakauke njiani. Tulikata vipete siku tatu mfululizo. Tukaviweka vitatu vitatu kila kiungo, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukamalizia na nyeupe.

Siku ya kuchagua, mabawa mawili yalisimamishwa mbele ya jengo, la dukani kulia na letu kushoto. La dukani lilikuwa na simba wake, na lilipopigwa na jua usingeweza kulitazama. Mwenyekiti wa kamati alizunguka letu, akaingiza ngumi kwenye matundu moja baada ya jingine, ikakwama kila mara. Akatikisa. Halikulia.

Wanawake waliokuwa wakisubiri kupimwa walikuwa wamekaa kwenye benchi kando. Mmoja, tumbo limeshuka, siku zake zimefika, akainuka polepole. Alipita mbele ya simba bila kugeuza shingo. Akafika kwenye letu, akaweka kiganja, akafuata pinde kwa kidole mpaka penye vipete vitatu.

"De milaya," akasema. Hii ni milaya. Kisha akawageukia wenzake akaita kwa nguvu, "Taalu! Njooni muone! Wametutandikia milaya mlangoni!"

Benchi lote likainuka. Wakalishika, wakalipapasa, mmoja akapiga kigelegele, na Sista Rebeka, muuguzi mzima mwenye cheo chake, akajibu kwa kigelegele kirefu kuliko cha yule wa kwanza. Mwenyekiti alitazama lile zogo, akafunga kitabu cha karatasi za kung'aa.

"Fundi," akaniuliza, "grili za madirisha mtazimaliza lini?"

Vijana, nililia mbele ya kamati. Wenzangu walinibeba begani kama niliyefunga bao, na mimi ni mzito. Geti likapata bawa la pili, madirisha yakavaa pinde zilezile, na wateja wakaanza kuja bandani wakiomba "ile ya Hai Malakal". Vichwa vya simba vipo hata leo madukani, sina ugomvi navyo. Lakini banda halikufungwa.

Kwa hiyo mkinionyesha picha za simu na kuniuliza mnazitoaje, swali langu ni moja: nani aliitengeneza kwa mkono kabla yenu, na mmeenda kukaa naye? Vya zamani havitaki kuigwa sura. Mwulizeni mwenye kazi anaanzia wapi, anahesabu nini, anaacha nini wazi. Mjue pambo lina adabu gani msije mkamwoza mzee wa watu barabarani. Halafu chuma kikikataa, msikate tamaa wala msidanganye. Mwambieni mwenye kazi kwamba kimekataa, na mngoje jibu lake.

Mwezi uliopita nilikwenda soko la Konyo Konyo kununua sabuni. Kuna mama wa Kiganda pale anayeuza shuka na mapazia, na amejaza pia milaya anazonunua kwa akina mama wa mitaani. Moja ilinisimamisha. Ukingo wake ulikuwa wa pinde zinazofuatana, na kila zilipokutana palifumwa vijiduara vitatu. Nikaisogeza karibu na haya macho yangu mabovu, nikavihesabu kwa kidole. Vitatu, vitatu, vitatu. Uzi haukuwa na haja navyo hata kidogo. Uzi haupasuki kiungo.

"Dada," nikamuuliza, "huu mtindo umetoka wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni wa mji.

"Mzee, hii iko ya zamani sana," akasema. "Hii bibi zao na bibi za bibi zao ndio walianza."